Ramani ya Chumba cha Kaskazini

Saltmere, Uingereza
9 Januari 2024

Mdogo wangu Valeria,

Krismasi nilipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza Calvin wa Shangazi alisema umelala, mara ya pili ukawa unamwogesha Shangazi, mara ya tatu haikupokelewa kabisa. Nikaona bora nishike karatasi.

Ni miezi saba sasa tangu askofu wetu wa Tanga aniazime kwa Waingereza hawa. Nina makanisa manne, vijiji vinne, na gari moja linalokataa kuwaka asubuhi. Waumini wa Saltmere ni tisa. Jumapili iliyopita walikuwa saba, maana bibi mmoja amevunjika nyonga na mumewe hawezi kumwacha. Wananipenda. Wananiletea jemu mpaka sina pa kuiweka.

Lakini nimekaa kukuandikia habari za kanisa lenyewe. Lina karibu miaka mia saba. Wewe uliyesoma ufundi sanifu wa majengo ungelizunguka siku nzima bila kula. Kuta ni mawe ya gumegume, meusi, yaking'aa kama chupa iliyovunjika, yameshikwa kwa chokaa tupu. Mnara ni wa mviringo, kwa kuwa upande huu wa nchi hakuna mawe makubwa ya kuchonga pembe. Ndani kuna matao manne kila upande na hakuna mawili yanayolingana. Wanasema mafundi wa kwanza walikufa kwa tauni kazi ikiwa katikati, na waliokuja baada yao hawakuzijua alama zao. Juu, kubeba paa, ni kenchi za mwaloni zilizoshikana kwa vigingi vya mti, hakuna msumari hata mmoja. Na chini ya chokaa ya ukuta wa kusini kuna picha za watakatifu zilizofunikwa wakati dini ilipobadilishwa kwa amri ya mfalme. Desemba unyevu ulibandua kipande, ukatokea mguu mmoja mwekundu. Hatujui ni wa nani.

Wazee wa kanisa wameniomba niandike kitabu kidogo cha historia kwa ajili ya wageni. Maneno nitayaweza, ramani siiwezi. Nikikutumia vipimo utanichorea, Shangazi akilala?

Mimi ndiye niliyekushawishi uende Toronto, miezi sita tu, ukamsaidie Shangazi. Sasa ni miezi kumi. Niambie kweli unaendeleaje.

Kaka yako,
Tumsifu


Weston, Toronto
27 Januari 2024

Kaka Tumsifu, shikamoo.

Barua yako imefika. Kaka Calvin aliifungua akidhani ni yake, akaisoma yote, akacheka sana habari za jemu. Hii pia ataipeleka posta mwenyewe, na ameniomba niiache wazi ili aongeze salamu zake mwishoni.

Sisi ni wazima. Shangazi ule ugonjwa ulimrudia Novemba, kiharusi cha pili. Upande wa kulia hauna nguvu na sauti imekwenda yote. Kusikia anasikia. Ukimwambia jambo la kuchekesha, jicho la kushoto linacheka peke yake. Namlisha uji wa mchele kwa kijiko cha mtoto mchanga.

Tunakaa chini ya nyumba, kwenye vyumba vya ardhini ambavyo Kaka Calvin amepanga. Juu wanakaa watu ambao sijawahi kuwaona nyuso. Nawajua kwa visigino. Pana joto la kutosha. Treni ya uwanja wa ndege ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Kaka Calvin yuko kwenye maghala ya mizigo kule Malton, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Anachoka sana. Ni mtoto mwema kwa mama yake.

Kanisani siendi kwa sasa, kwa sababu ya barafu, na Shangazi hawezi kubaki peke yake. Simu yangu iliharibika, na Kaka Calvin anaona si lazima kwa sasa. Jumanne huja Nesi Kawthar kumnyoosha Shangazi viungo. Wazazi wake ni Mashia wa Tanga mjini, wa zile barabara za namba. Yeye amezaliwa hapa hapa. Kiswahili amekipata jikoni kwa mama yake. Anakielewa chote, ila ukimuuliza jambo anaanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza. Siku yake Kaka Calvin hupanga awepo nyumbani.

Ramani nitaichora kwa furaha. Nitumie kila kipimo: unene wa kuta, kimo cha madirisha kutoka sakafuni, na kila mlango unafungukia upande gani. Usiruke mlango hata mmoja.

Mdogo wako,
Valeria

Padri, salamu. Vale yuko vizuri, anakula, amenenepa. Ondoa wasiwasi. Calvin.


Saltmere
10 Februari 2024

Mdogo wangu,

Nimeshukuru Mungu kusikia mna joto na mnapendana. Shangazi namwombea kila asubuhi kwenye altare.

Vipimo viko kwenye karatasi nyingine. Tulipima na Mzee Brice, mzee wa kanisa, seremala mstaafu wa miaka themanini na moja. Yeye alishika upande mmoja wa utepe na hakukubali kabisa nimshikie ngazi. Kuta za ukumbi wa waumini zina unene wa sentimita tisini. Mlango wa kusini unafungukia ndani. Mlango wa kaskazini umezibwa tangu zamani.

Ila kuna kitu nataka ukichore peke yake. Nje, ukutani kaskazini mwa altare, kuna msingi wa chumba kilichobomolewa. Ndani ni mita mbili na sitini kwa tatu na kumi. Hapo, Vale, paliishi mwanamke. Aliitwa Emma, binti wa seremala. Mwaka 1361 alimwomba askofu amruhusu ajifungie humo kwa sala maisha yake yote. Walimsomea ibada ya maziko akiwa hai, akaingia kwa miguu yake, waashi wakaziba mlango kwa mawe nyuma yake. Alikuwa na madirisha matatu: moja la kutazama altare, moja la kupokea chakula kwa mtumishi, na moja dogo la nje lenye pazia jeusi, ambalo watu walisimama kumwomba ushauri bila kumwona uso.

Nilisimama pale kwenye majani yenye umande nikaona wivu, nakuambia kweli. Mimi nazunguka na gari bovu kati ya makanisa manne na sina hata saa moja ya utulivu. Nikakukumbuka wewe na Shangazi: huduma ya ndani, isiyoonekana na mtu. Hicho chumba chenu cha Weston nacho ni sala.

Kaka yako,
Tumsifu


Weston
1 Machi 2024

Kaka Tumsifu, shikamoo.

Natuma karatasi mbili. Ya kwanza ni kanisa zima, kwa kipimo cha moja kwa mia. Matao nimeyaacha yasilingane, kama yalivyo. Ya pili ni chumba cha kaskazini, kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Hicho nimekichora kwa uangalifu kuliko vyote. Kitazame polepole, wewe na huyo Mzee Brice. Kaka Calvin ameziona, akasema hakujua kanisa huwa na vyumba vingi hivyo.

Nina maswali ya kitabu chako. Imeandikwa mahali kama huyo Emma aliwahi kuomba kutoka? Na kama aliomba, alimwomba nani? Asingeweza kumfikia askofu mwenyewe. Ilibidi apitie kwa mtu aliyemletea chakula, na mtu huyo ndiye aliyeamua afikishe neno au asifikishe.

Habari ya wivu nimeisoma.

Shangazi amepungua. Mkono wa kushoto ndio umebaki na nguvu, na Nesi Kawthar anamfundisha kushika kalamu. Mpaka sasa anachora mistari tu.

Valeria


Saltmere
15 Machi 2024

Mdogo wangu,

Karatasi ya kwanza nimeitundika ofisini. Kila anayeingia anasimama kuitazama, na nasema kwa majivuno kwamba ni kazi ya dada yangu wa Toronto.

Ya pili imenishangaza. Nilikupa chumba kimoja, umechora viwili na choo. Umeweka ngazi saba za kushuka, na kanisa hili halina ngazi za kushuka popote. Madirisha umeyapandisha mita mbili na kumi kutoka sakafuni. Mtu hawezi kuona altare kutoka hapo hata akisimama kwenye kiti. Nilikuambia mlango ulizibwa kwa mawe, wewe umeweka mlango mzima, tena wenye komeo upande wa nje. Bila shaka ulichoka. Nakurudishia, ichore upya ukipata nafasi, hakuna haraka.

Swali lako limenipeleka mpaka kwenye nyaraka za askofu, nikasaidiwa kusoma Kilatini chake. Ulihisi sawasawa. Mwaka wa tisa Emma aliomba kutoka. Ombi limeandikwa kwa mistari miwili. Jibu halipo. Ama halikutolewa, ama ukurasa umepotea.

Kaka yako,
Tumsifu


Weston
2 Aprili 2024

Kaka Tumsifu, shikamoo.

Karatasi ya pili nairudisha kama ilivyo. Sijakosea hata sentimita moja. Wewe unajua niliwahi kupata alama ngapi kwenye somo la kuchora. Hukuwahi kunisahihisha mlango.

Pima tena.

Nesi Kawthar anakusalimu. Siku zisizo Jumanne yuko kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo iliyo mkabala na stesheni ya Weston. Ni mtu anayefuatilia jambo.

Kaka Calvin anasema barua zimekuwa nyingi na Shangazi anahitaji uangalizi, kwa hiyo kitabu kikikamilika tupumzike kuandikiana. Naandika hii ili usishangae nikinyamaza.

Valeria

Padri, kanisa lako linamchosha binti. Maliza tafadhali. Calvin.


Saltmere
14 Aprili 2024

Kwa Nesi Kawthar, kwenye kliniki iliyo mkabala na stesheni ya Weston.

Hunijui. Mimi ni Padri Tumsifu, kaka yake Valeria anayemhudumia yule mama mgonjwa wa kiharusi unayemtembelea kila Jumanne. Tafadhali usimwonyeshe barua hii Calvin, mwanawe yule mama.

Naambatisha mchoro. Valeria aliniambia ni chumba cha kanisa la kale, nami kwa ujinga wangu nikamsahihisha. Juzi niliuweka mezani mbele ya mzee wetu mmoja, seremala, asiyejua neno la Kiswahili. Hakusoma maandishi, alitazama mistari tu. Akaweka kidole hapa akasema, "Hii ni mashine ya kufulia." Akaweka hapa: "Hiki ni kitanda cha hospitali, kina magurudumu." Kisha akaweka kidole kwenye komeo la nje, akaniuliza, "Padri, huyu mtu wako amefungiwa na nani?"

Wewe unaingia humo ndani. Nakuomba ulinganishe. Kama nimekosea, nisamehe na uchane karatasi. Kama sijakosea, dada yangu alikutaja wewe kwa jina na mahali pa kazi katika barua ambayo alijua itasomwa na mtu mwingine kabla yangu. Nadhani alikuwa ananipa anwani yako.

Padri Tumsifu


Saltmere
14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimepima tena. Wewe ndiye uliyepatia. Ramani inabaki ulivyoichora, na kazi iliyobaki ni yangu. Msalimie Calvin, mwambie kitabu kinakaribia kwisha.

Tumsifu


Toronto
9 Mei 2024

Padri Tumsifu, salaam.

Naandika na mama yangu, Zarina. Mimi nasema, yeye anaandika na kusahihisha, kwa hiyo makosa ni yake.

Barua yako nilikuta mezani tarehe 25 Aprili. Niliitazama ramani yako nikakaa chini. Jumanne nyingi nimeingia kwenye kile chumba. Ngazi saba nimezishuka mwenyewe. Lakini kila nilipofika mlango ulikuwa wazi na Calvin kasimama pale, "Karibu, karibu," na chai tayari. Nilimwona mwana anayempenda mama yake. Niliwaambia hata wenzangu kazini.

Jumanne iliyofuata nilifika saa moja kabla ya wakati wangu. Calvin alikuwa hajarudi kutoka Malton. Komeo la nje lilikuwa na kufuli. Nikagonga. Nikasikia sauti ya Valeria juu ya kichwa cha mlango, kwenye kidirisha, amepanda kiti.

"Dada, mlango huu haufunguki kwa ndani," akasema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Desemba.

"Na mimi nakuja kila wiki. Mbona hukuniambia?"

"Ungemuuliza yeye. Angekuambia niko huru, halafu ungeondoka, nami ningebaki naye." Kisha akasema kibali chake kilikwisha zamani, Calvin kamwambia akionekana njiani atakamatwa, na hata kama asingekamatwa, nani angembadilisha Shangazi?

Nilimpigia msimamizi wangu, naye akawapigia simu polisi na ustawi wa jamii. Tulikaa pale, mimi nje kwenye baridi, yeye juu ya kiti, tukaongea mambo ya kupika mbatata. Sikujua la kuongea lingine.

Calvin alifika wakati polisi wanashuka garini. Alifungua mwenyewe, ufunguo ukamponyoka mara mbili. Alisema, "Ningefanya nini? Nafanya kazi saa kumi na mbili. Mama angekufa peke yake." Wakamuuliza pasipoti ya Valeria iko wapi. Akasema hajui.

Hapo Shangazi yenu akaanza kupiga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Alipiga mpaka sote tukamgeukia. Akaushika mto wake, akauvuta. Nikaupapasa, nikahisi kitu kigumu. Pasipoti ilikuwa ndani ya foronya, imeshonewa kwenye kitambaa cha pili.

Shangazi yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, nimehamia kumtembelea huko. Valeria yuko kwetu Thorncliffe Park. Analala chumba cha dada yangu aliyeolewa. Mama anasema umwambie ale, maana sisi hatusikilizi.

Kawthar


Thorncliffe Park, Toronto
2 Juni 2024

Kaka Tumsifu,

Sasa naandika na bahasha naifunga mwenyewe kwa ulimi wangu.

Tuko ghorofa ya kumi na nne. Chini watoto wanacheza kriketi kwa kulenga pipa la taka. Mama Zarina anazungumza Kiswahili cha Tanga ya miaka ya sitini. Ananiita mwanangu, na mchuzi wake wa kuku wa kupaka una nazi nyingi kuliko afya inavyoruhusu. Kila baada ya muda naenda kujaribu mlango kama unafunguka. Jana alinikuta, akasema, "Fungua tu, utoke mpaka lifti, urudi." Nikatoka mpaka lifti nikarudi. Nilikuwa nimelowa jasho.

Siko huru kama unavyofikiri. Wakili wa msaada wa sheria ameniombea kibali cha muda. Mpaka kijibiwe siwezi kufanya kazi wala kwenda nyumbani kumwona Mama, maana nikitoka Kanada sitaweza kurudi kutoa ushahidi. Calvin ameachiwa asubiri kesi, na amekatazwa kunikaribia. Zamu zake Malton anaendelea nazo. Nikiona mtu mrefu kwenye basi nashuka.

Utaniuliza ilianzaje. Hakuna siku moja. Oktoba nilisema nataka kurudi, Mama amechoka kukaa peke yake Muheza. Calvin akasema subiri kidogo, tunakuongezea muda. Akachukua pasipoti kwa ajili hiyo. Novemba Shangazi akaanguka tena. Desemba nilitoka kwenda kutafuta kanisa, nikapotea kando ya mto Humber, nikarudi baada ya saa tatu. Shangazi alikuwa amejichafua na analia bila sauti. Calvin hakunipiga. Alisema tu, "Umeona?" Kesho yake fundi akaja kuweka komeo. Na mimi, kaka, nilimshikia fundi taa. Niliona nimestahili.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenikaa. Ile barua yako ya Februari, uliposema umeona wivu, na kwamba chumba chetu ni sala. Calvin alinisomea kwa sauti. Kisha akasoma tena kipande hicho. Akasema, "Sikiliza, hata Padri ameona." Alikuwa hana kejeli. Alifarijika kweli. Usiku ule ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu atakayekuja mpaka nimtengenezee njia ya kuja.

Sikuandikii haya ili nikuumize. Ila usiyasome haraka.

Valeria


Saltmere
19 Juni 2024

Vale,

Nimeyasoma polepole, mara nyingi. Sina utetezi. Nilikuwa mpweke, nikaupamba upweke wangu, kisha nikakuvisha na wewe.

Kitabu kimechapwa. Juu ya Emma nimefuta ukurasa mzima niliokuwa nimeuandika. Nimeacha mwaka alioingia, mwaka alioomba kutoka, na kwamba jibu halijulikani. Mzee Brice aliuliza mbona fupi. Nikamwambia ndicho tunachokijua.

Kanisa lenyewe huenda likafungwa mwakani, wamebaki sita. Mwaka mzima sikutaka kukuambia.

Mama anajua yote sasa. Nilimpigia. Akauliza kama unapata mboga.

Tumsifu


Thorncliffe Park
22 Septemba 2024

Kaka Tumsifu,

Kibali cha muda kimetoka, mpaka kesi iishe. Nimepata kazi ya kuchora kwa mkono kwa fundi mmoja wa hapa anayekarabati vyumba vya jikoni vya watu; hana subira na kompyuta.

Tangu Juni nimekuwa nikienda kwa Shangazi kila Jumapili. Treni, mabasi mawili, kisha mwendo wa miguu. Namchana nywele. Manesi wa kule ni wazuri ila wanamwita kwa jina lake la kwanza, naye hapendi. Naona kwenye jicho. Jumapili iliyopita Kawthar alinikabidhi karatasi. Shangazi ameiandika kwa mkono wa kushoto, wiki tano, Kawthar akimshikia karatasi isiteleze. Herufi nyingine zimepinduka. Nanakili kama ilivyo, maana wewe ndiye umetajwa wa kwanza:

TUMSIFU NA VALERIA. CALVIN ANASHTAKIWA PEKE YAKE. SI YEYE TU. MIMI NILIMWAMBIA. OKTOBA VALERIA ALISEMA ANARUDI KWA MAMA YAKE. NIKAMWAMBIA CALVIN HUYU AKIONDOKA MIMI NIMEKUFA. ZUIA PASIPOTI. MTO NILISHONA MWENYEWE MKONO UKIWA MZIMA. NOVEMBA SAUTI IKAENDA. KOMEO LILIPOKUJA NILITAKA KUSEMA MFUNGULIE. SIKUWEZA. NILILISIKIA KILA SIKU. SHANGAZI YENU.

Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake. Alikuwa ananitazama.

Kaka, kila Calvin alipofunga akaondoka, Shangazi alikuwa akipiga chuma cha kitanda. Kila siku, miezi mitano. Mimi nilidhani ni maumivu. Nilikuwa nampa dawa ya kutuliza, analala. Nilijisifu moyoni kwamba najua kumtuliza.

Nilikunja karatasi, nikavaa koti, nikaondoka kabla ya chakula cha mchana. Jumatatu nilimpelekea wakili nakala. Calvin alifunga mlango na alijua anachofanya, lakini kama mahakama itampima, impime kwa uzito wake, si kwa wa watu wawili. Wakili aliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa karatasi hii itamsaidia Calvin. Nikasema nina hakika. Usiku sikulala, ila asubuhi hakika ilikuwepo bado.

Nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utachukua kalamu umwandikie Shangazi kwamba tumemsamehe, na utaandika vizuri, na litakuwa kosa lile lile. Usimwandikie. Ukitaka kumsamehe kwa upande wako, hilo ni lako na Mungu wako. La kwangu liache kwangu. Simchukii. Nikimfikiria nasikia mambo mengi kwa pamoja, na moja kati ya hayo ni kwamba leo hakuna aliyemchana nywele.

Leo ni Jumapili na sikwenda. Mama Zarina aliniona nimekaa, akanisogezea bakuli la njegere nimenye. Jumapili ijayo, sijui.

Mdogo wako,
Valeria